Kona ya Bustani: Mmea wa Chunguni na Baridi ya Ng'ambo

Tunawashukuru hasa wale wanaolisoma jarida hili kwa sauti nyumbani, ili na babu na bibi wasiosoma nao wapate chao.

Mwezi huu kona yetu inakwenda mbali kidogo. Kuna swali ambalo sisi walimu wa kujitolea tumeulizwa zaidi ya mara moja, na wazazi mbalimbali, kuhusu watoto wao walioko Kanada na Marekani. Ndugu zetu kule wanakaa ghorofani, shamba hawana, wanapanda kwenye vyungu vya maua na ndoo vilivyopangwa kwenye balkoni au mbele ya mlango. Mchaichai, ule ambao wengine wetu tunauita sitroneli. Pilipili. Minti. Rozmari. Wakati wa joto vinapendeza, picha zinatumwa kwenye simu, huku tunafurahi. Halafu baridi inaingia na vyote vinakauka. Mama mmoja alituuliza: "Mwalimu, binti yangu kila mwaka ananunua mmea uleule. Udongo wa kule ni mbaya?"

Hapana mama, udongo si mbaya. Shida iko kwenye chungu. Na mara nyingi mmea unatupwa ukiwa bado hai, hapo ndipo hasara inapoanza.

Tuseme wazi kwamba sisi wenyewe hatujawahi kushika theluji. Haya tumeyasoma na tumeyauliza kwa ndugu walioko kule. Safari za Marekani zilisimamishwa Januari 2025, na wengi wetu bado tunasubiri. Lakini ndugu waliotangulia wako kule, simu tunapigiana, na neno zuri la kilimo linaweza kupita kwenye simu. Kwa hiyo ukisoma, mpelekee na mwenzako.

Mmea wa kudumu ni upi?

Mimea iko ya namna mbili. Iko ya mwaka mmoja: unapanda, unavuna, inatoa mbegu, inakufa. Lengalenga ni hivyo, mahindi ni hivyo. Hata ukiifunika blanketi, siku zake zikiisha zimeisha. Cha kuokoa hapo ni mbegu tu.

Halafu iko mimea ya kudumu, inayoishi miaka mingi. Mchaichai ni wa kudumu. Rozmari na minti ni ya kudumu. Hata pilipili, ambayo watu wengi wanaing'oa baada ya mavuno, kwa asili yake ni ya kudumu, inaweza kuzaa mwaka wa pili na wa tatu ikiwa haijapigwa na barafu. Matembele nayo ni hivyohivyo, kamba zake zinaendelea tu.

Katika nchi za baridi, mimea ya kudumu ya kule imejifunza kulala. Majira ya baridi yakikaribia inaangusha majani, au majani ya juu yanakufa yote, na uhai unashuka chini kwenye mizizi. Kwa macho unaona vijiti vikavu. Kumbe mmea umelala. Joto likirudi unachipua tena.

Basi kama mmea unajua kulala, kwa nini unakufa chunguni?

Mizizi ndiyo inayokufa kwanza

Hapa ndipo penye siri yote ya somo la leo. Tunapofikiria baridi, tunatazama majani. Lakini mizizi ya mmea ni dhaifu kuliko matawi yake. Kuna mimea ambayo matawi yanavumilia nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini mizizi yake michanga inakufa kabla baridi haijafika nyuzi 10 chini ya sifuri.

Mmea uliopandwa ardhini haupati taabu hiyo, kwa sababu ardhi ni kubwa na inachelewa kupoa. Usiku mmoja wa baridi kali hauwezi kushuka haraka mpaka kwenye mizizi. Theluji nayo ikianguka juu inakuwa kama blanketi, maana ndani yake kuna hewa nyingi iliyoshikwa, na hewa hiyo inazuia baridi isipenye.

Chungu hakina ardhi nyuma yake. Baridi inakipiga juu, ubavuni pande zote, na kama kimeninginizwa au kiko juu ya meza, hata chini. Udongo wa chunguni unakuwa baridi karibu sawa na hewa yenyewe. Mmea uleule ambao ungepona ardhini, hapo unakufa. Kwa hiyo mwenye chungu lazima afanye ile kazi ambayo ardhi ingeifanya.

Kwanza: jua unakaa wapi

Marekani wana ramani ya wizara yao ya kilimo iliyogawanya nchi katika kanda 13 za baridi. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1960, na ya karibuni ni ya mwaka 2023. Ukanda wa 1 ndio wenye baridi kali kabisa, wa 13 ni wa joto. Kila ukanda unapishana na mwenzake kwa nyuzi 5.6 hivi. Kwa mfano ukanda wa 5 ni mahali ambapo usiku wa baridi kali zaidi wa mwaka, kwa wastani, unafika kati ya nyuzi 23 na 29 chini ya sifuri. Kanada nao wana ramani yao. Mji kama Winnipeg, usiku wa Januari unaweza kupita nyuzi 30 chini ya sifuri.

Ukienda kununua mmea kule, mara nyingi kwenye karatasi yake imeandikwa unavumilia mpaka ukanda wa ngapi. Wakulima wa vyungu wana kanuni yao: toa mbili. Kama unakaa ukanda wa 6 na mmea utabaki nje chunguni, nunua unaovumilia mpaka ukanda wa 4. Kanuni hii peke yake inaokoa pesa nyingi.

Walioko Australia wajue kwamba baridi yao ni Juni mpaka Agosti, sawa na yetu hapa Malawi, kwa sababu sote tuko kusini mwa ikweta. Na miji yao mikubwa haipati baridi ya Kanada. Wao kazi yao ni nyepesi zaidi.

Pili: gawanya mimea mafungu mawili

Fungu la kwanza ni mimea inayojua kulala: minti, stroberi, vitunguu majani vile vyembamba vya kudumu, na maua mengi ya kule. Hii inaweza kukaa nje, au mahali pa baridi pasipo na moto, ikilindwa mizizi.

Fungu la pili ni mimea ya joto isiyojua kulala kwenye barafu: mchaichai, pilipili, matembele, ndizi. Hii hata uifunike namna gani, ukiiacha nje Winnipeg au Minneapolis itakufa. Hii lazima iingie ndani. Rozmari iko katikati: inavumilia baridi kidogo, lakini kwenye baridi kali nayo iingie.

Makosa yanayowapata wengi ni kuyachanganya mafungu haya. Wanaingiza minti sebuleni penye joto, mmea unakosa usingizi wake na unadhoofika. Wanaacha pilipili nje, inakufa usiku mmoja.

Tatu: kwa mimea inayobaki nje

1. Acha mbolea mapema. Kuanzia mwezi wa nane kule usitie tena mbolea ya kukuza majani. Machipukizi mapya ni laini, baridi itayakuta hayajakomaa.

2. Tazama chungu chenyewe. Chungu cha udongo wa kuchoma kinanyonya maji, na maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Hapo chungu kinapasuka. Plastiki nene, mbao, au mfuko wa kitambaa vinavumilia zaidi. Na chungu kikubwa ni bora kuliko kidogo, kwa sababu udongo mwingi unachelewa kuganda.

3. Mwenye kiwanja hata kidogo, achimbe shimo akizamishe chungu mpaka shingoni. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, maana umemrudishia mmea ardhi yake.

4. Asiye na kiwanja, ashushe vyungu vyote chini sakafuni, avisogeze pamoja karibu na ukuta wa nyumba mahali pasipo na upepo mkali. Ukuta unatoa joto kidogo. Vyungu vya mimea dhaifu vikae katikati, vya mimea migumu pembeni. Kisha azungushie magunia, akijaza katikati nyasi kavu au majani makavu. Angalieni: kinachofungwa ni chungu. Msifunge mmea mzima kwa plastiki, kwa sababu jua likiwaka ndani panakuwa na joto na majimaji, na mmea unaoza.

5. Kama kuna banda la gari lisilo na moto wa kupasha joto, mimea iliyokwisha angusha majani inaweza kulala humo. Panapofaa ni pale pasiposhuka sana chini ya sifuri wala kuzidi nyuzi 7 hivi. Mmea usio na majani hauhitaji mwanga. Lakini wenye majani ya kijani mwaka mzima unahitaji dirisha.

6. Msisahau maji. Hii watu hawaiamini, lakini mimea mingi ya chunguni wakati wa baridi inakufa kwa kiu. Kila baada ya wiki mbili tatu, siku ambayo udongo haujaganda, ingiza kidole. Kama ni mkavu kabisa, mimina maji kidogo. Udongo uwe na unyevu tu, usiwe tope. Matundu ya chini ya chungu yabaki wazi, maana mizizi iliyolala kwenye maji inaoza.

7. Panya wanapenda kulala kwenye nyasi kavu na kutafuna magome. Ukifunika kwa nyasi, chungulia mara kwa mara.

Nne: kwa mimea inayoingia ndani

Msingoje theluji. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10, mchaichai na pilipili ziingie. Kabla ya kuingiza, geuza majani utazame vidukari, osha kwa maji, ukate sehemu zilizoharibika. Mdudu mmoja akiingia sebuleni atazaa mpaka mwezi wa tatu.

Mchaichai ukatwe ubaki kama urefu wa kiganja cha mkono, uwekwe karibu na dirisha lenye mwanga. Ukiwa mkubwa sana, gawanya kisiki, chukua vipande vichache vyenye mizizi, vipande kwenye kopo dogo. Pilipili ikatwe matawi, ibaki shina na matawi mafupi machache, ikae mahali penye ubaridi kidogo lakini pasipo na barafu. Majani mengi yataanguka. Usiogope. Maji kidogo, mbolea hapana. Matembele ni rahisi kuliko yote: kata vipande vya kamba, tia kwenye gilasi ya maji dirishani, vitatoa mizizi na kukungoja mpaka joto.

Na dirisha lipi? Huku kwetu mwezi wa sita jua linalalia upande wa kaskazini. Kule Kanada na Marekani, wakati wao wa baridi, linalalia kusini. Kwa hiyo dirisha linalotazama kusini ndilo lenye mwanga zaidi. Wanafunzi wetu wa jiografia, waelezeni wazazi kwa nini iko hivyo.

Tano: usitupe kabla ya wakati

Jambo hili ndilo tunaloomba lipelekwe kwenye simu hata kama mengine yatasahaulika. Mwezi wa nne kule, jua linatoka siku tatu, watu wanatazama vyungu, wanaona vijiti, wanavimwaga kwenye pipa la taka. Dada yangu, kaka yangu, subiri kwanza.

Chukua ukucha, kwaruza gome la shina kidogo. Chini yake pakiwa kijani na unyevunyevu, mmea ni mzima. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka chini zaidi ukwaruze tena, maana juu panaweza kufa na chini pakawa hai. Kwa mimea ambayo juu inakufa yote, kama minti, fukua udongo taratibu utazame mizizi: iliyo hai ni migumu na ndani ni myeupe, iliyokufa ni laini na imeoza. Mimea mingine inachelewa kuamka mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Mpaka hapo usikate tamaa.

Wala usikimbilie kufunua siku ya kwanza ya joto. Mmea ukiamka mapema halafu baridi ikarudi usiku, machipukizi yanaungua. Funua kidogo kidogo. Mimea iliyokuwa ndani itolewe nje saa chache mchana, irudishwe jioni, hivyo kwa wiki moja au zaidi, mpaka izoee jua na upepo.

Neno kwa wanaosafiri

Kuna wazazi wanaotaka kumfungia kijana anayeondoka kisiki cha mchaichai kwenye sanduku, chenye udongo wa nyumbani. Tunaelewa moyo wa mzazi. Lakini msifanye hivyo. Kanada, Marekani na Australia zina sheria kali juu ya mimea na udongo unaoingia, kwa sababu ya magonjwa na wadudu. Kitu cha namna hiyo lazima kitangazwe uwanja wa ndege, kinaweza kuchukuliwa na kuharibiwa, na aliyekificha anaweza kutozwa faini. Mtu anafika nchi mpya, siku ya kwanza tayari ana kesi.

Njia iko. Kule kuna maduka ya vyakula ya watu wa Asia, wanauza mchaichai mbichi. Nunua mabua ambayo chini yana kitako kizima, yaweke kwenye gilasi yenye maji kidogo, badilisha maji kila baada ya siku chache. Baada ya wiki mbili tatu mizizi inatoka. Kiazi kitamu cha dukani nacho, kikichipua, kinatoa matembele. Hakuna haja ya kubeba kisiki. Bebeni ujuzi, huo haukaguliwi na mtu.

Na sisi wa hapa?

Wengine watasema, walimu, mbona mmetuacha? Hatujawaacha. Sisi adui yetu si barafu. Mwezi wa sita na wa saba tunatetemeka, lakini mimea yetu inavumilia. Kinachoiua ni ukame na jua la mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua za Novemba. Lakini kanuni ni ileile: chungu hakina ardhi nyuma yake. Ndoo nyeusi ikiwa juani kutwa, mizizi ndani inachemka.

Dawa nazo ni zilezile. Sogezeni ndoo, makopo na magunia ya mboga pamoja, upande wa nyumba wenye kivuli cha mchana. Tandazeni nyasi kavu juu ya udongo. Zungushieni gunia kuukuu. Mwenye nafasi azamishe ndoo ardhini mpaka shingoni. Maji ya kusuuzia mboga na mchele yasimwagwe, yapelekwe kwenye mizizi jioni. Tunajua foleni ya bombani ilivyo, ndiyo maana hatusemi mwagilieni sana. Tunasema maji mliyokwisha beba yasipotee kwa jua.

Zoezi la familia la mwezi huu

Watoto, chukueni makopo mawili yanayolingana, yajazeni udongo wenye unyevu sawa. Moja lizikeni ardhini mpaka shingoni, lingine liacheni juu ya jiwe, mahali palepale. Siku tatu mfululizo, ingizeni kidole katika yote mawili, alfajiri kabla jua halijatoka, na tena saa nane mchana. Andikeni kila mara lipi ni la baridi zaidi, lipi ni la moto zaidi, na lipi limekauka kwanza. Majibu yaleteni darasani, tutayasoma pamoja. Na mwenye ndugu ng'ambo ampigie amwambie alichokiona, kisha amuulize chungu chake amekiweka wapi.

Tukutane toleo lijalo. Tutazungumza juu ya kutunza mbegu za lengalenga zisiliwe na wadudu. Kaeni salama.

Walimu wenu wa kujitolea, Kona ya Bustani